Wasomaji Wanauliza: Vitabu vya zamani vya kuongoza wageni kwenye miji ya Italia

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari za vitabu vya zamani vya kuongoza wageni Italia, vile vyenye michoro na ramani za kukunja, vya Roma, Venezia, Firenze na kadhalika, na sikutegemea barua zitakuja nyingi ivi. Kumbe watu wanavyo, vingine viko kwenye makatoni chini ya kitanda. Hapa nimejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, na zilizofanana nimeziunganisha.

Shikamoo mhariri. Mjomba wangu alikuwa katekista miaka mingi hapa Gulu, na padri mmoja mzee Muitaliano alipokuwa anarudi kwao alimwachia katoni ya vitabu. Mjomba alishafariki, katoni iko kwangu. Kuna kimoja kinaitwa Verona, kina picha karibu kila ukurasa, juu kimeandikwa Italia Artistica na chini Bergamo. Ukurasa mmoja umechomoka. Kuna mtu anataka katoni nzima kwa elfu hamsini. Nimpe? — Msomaji, Gulu

Marahaba mwanangu. Usimpe. Mtu anayetaja bei ya katoni nzima bila kufungua kitabu hata kimoja, ama anajua kitu ambacho wewe hujakijua, ama anabahatisha tu, na kote kuwili hakuna faida kwako.

Hicho ulichonacho kinatoka kwenye mfululizo ulioitwa Italia Artistica, ulikuwa unasimamiwa na mwanahistoria wa sanaa Corrado Ricci na ulianza mwaka 1902 na mji wa Ravenna, alafu wakaendelea mji baada ya mji. Sio kitabu kidogo cha kutia mfukoni cha kukwambia hoteli iko wapi na treni inatoka saa ngapi, hiki ni cha kukaa nacho mezani, maandishi yako lakini nguvu yake yote ni picha. Vilichapwa vingi, kwa hiyo sitakudanganya kwamba kitakujengea nyumba. Ila chukua hicho cha kwako, kaa nacho pahali penye mwanga, utafute picha za madaraja.

Mto Adige unapita katikati ya Verona, na kuna madaraja mawili ya zamani yenye sifa, Ponte Pietra ambalo asili yake ni ya Warumi wale wa kale, na lile la ngome ya Castelvecchio, la matofali mekundu, la karne ya 14. Aprili 1945 jeshi la Wajerumani likiwa linakimbia lililipua yote mawili. Baada ya vita watu wa Verona wakaopoa mawe na matofali mtoni wakajenga upya, la Castelvecchio likatangulia na Ponte Pietra likaja kukamilika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sasa kama kitabu chako ni cha kabla ya vita, na vitabu vya mwanzo vya mfululizo huo ni vya kabla ya vita, basi daraja unaloliona pale ni lile lenyewe kabla halijaguswa na baruti. Mtalii aliyeko Verona leo hawezi kuliona, wewe uko Gulu unaliona.

Na wala si ajabu kitabu cha Verona kufika Gulu. Wale mapadri wa Kikomboni, wazee wetu walikuwa wanawaita Mapadri wa Verona ju shirika lao Daniele Comboni alilianzishia huko mwaka 1867, na misheni ya Gulu ilifunguliwa 1911. Padri alibeba kitabu cha mji wa kwao. Kwa hiyo fungua kurasa za mwanzo na za mwisho, angalia kama kuna jina limeandikwa kwa wino, tarehe, ama muhuri. Jina na tarehe usifute, hiyo ni sehemu ya kitabu. Ukikuta muhuri wa maktaba ya misheni, nenda uwaulize kwanza kama kilitolewa kwa ridhaa, huo ni uungwana tu, na ukitaka kukiuza siku moja utakuwa huna wasiwasi.

Ule ukurasa uliochomoka urudishe mahali pake, basi. Usipake gundi, usibandike selotepu. Selotepu ikikaa miaka michache inageuka njano na gundi yake inaingia ndani ya karatasi, apo ata fundi mzuri anapata taabu kuitoa.

Habari kaka. Nataka kuanza kukusanya lakini bajeti yangu ni kama laki mbili kwa mwezi, saa ingine inapungua. Naanzia wapi? — Msomaji, Ntinda, Kampala

Laki mbili inatosha kabisa ukiwa na msimamo. Watu wengi wanaanza kwa kununua chochote chenye picha nzuri, leo Napoli ya 1930, kesho Roma ya 1880, keshokutwa kitu cha Milano hakina ata jalada, baada ya mwaka mtu ana rafu imejaa na hana mkusanyo. Ushauri wangu na nitaurudia mpaka mnichoke: chagua mji mmoja. Mmoja tu. Alafu ufuate mji huo kupitia miaka. Ukiwa na vitabu vitano vya Firenze vya miaka tofauti unaweza kuviweka mezani vikabishana, hiki kinasema kuna soko hapa, kile kinasema kuna uwanja, na apo ndo unaanza kuuelewa mji kweli kweli.

Ili ujue ngazi zilivyo. Roma ndo mama wa hii biashara yote ju ya mahujaji. Kulikuwa na kitabu cha maajabu ya Roma, Mirabilia Urbis Romae, kiliandikwa karne ya 12, kikawa kinanakiliwa kwa mkono mpaka uchapaji ulipokuja karne ya 15 kikachapwa tena na tena. Mwaka 1554 Andrea Palladio, huyu huyu msanifu wa majumba, akatoa kitabu kidogo cha magofu ya Roma kikasomwa muda mrefu sana. Mwaka 1588 Girolamo Franzini akatoa mwongozo wa Roma wenye vipicha vya mbao za kuchonga, makanisa na majumba, vidogo lakini ukivitazama unaona milango na madirisha. Firenze ikapata cha Francesco Bocchi 1591. Venezia ilikuwa na cha Francesco Sansovino 1581. Napoli ikapata cha Pompeo Sarnelli 1685 cha kuwaongoza wageni, hicho kina michoro ya bamba la shaba. Alafu Giuseppe Vasi, yule aliyechora Roma yote kwa majuzuu kumi kati ya 1747 na 1761, akaja na mwongozo wake wa 1763 ambao umeigawa Roma katika siku nane za kutembea, yani asubuhi unatoka nacho unajua leo ni siku ya ngapi na unapita wapi.

Hivyo vyote kwa bajeti yako viache kwanza, toleo zima na kamili la karne ya 16 mpaka 18 ni pesa nyingi. Utavisoma bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na vile vya Roma kuna maktaba ya Wajerumani iliyoko Roma, Bibliotheca Hertziana, imeskani vingi sana. Kuna pia nakala mpya zilizotengenezwa kufuata za zamani, mchapaji Forni wa Bologna alitoa nyingi, hizo ni za kusomea na si aibu kuwa nazo mradi umenunua ukijua ni nakala.

Wewe uwanja wako uko kati ya 1860 na 1914. Apo kuna mchapishaji Murray wa London, vitabu vyake vya Italia vilianza kutoka miaka ya 1840, na kuna mchapishaji Baedeker wa Ujerumani, vile vyekundu vidogo, Italia yao kwa Kiingereza ilianza 1867 na 1868 wakaigawa mara tatu, kaskazini, kati na kusini. Baedeker hana picha, ana ramani, na ramani zake ni kazi ya hali ya juu, ukimpata aliye mzima na zile karatasi nyembamba za kukunja hazijachanika huwezi kujuta. Kwa picha tafuta ule mfululizo wa mchapishaji Dent wa London wa miji ya zama za kati, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1890, kuna Perugia, Assisi, Firenze, Siena, Verona, Venezia. Ni vidogo, vinaingia mkononi vizuri, vina michoro ya kalamu ya kina Nelly Erichsen na Helen James, na kwa maoni yangu mimi hakuna kitu kingine kwa bei hiyo kinachokupa furaha kiasi hicho. Hivi unavipata kwa makumi ya dola sio mamia. Ukikosa mwezi huu subiri mwezi ujao, havikimbii.

Nimeona onlaini mwongozo wa Roma, muuzaji anasema ni wa miaka ya 1700, lakini ukurasa wa kwanza haupo kwa hiyo hakuna mwaka. Ntajuaje kama ni kweli kabla sijatuma pesa? — Msomaji, Jinja

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Na jibu fupi ni kwamba kitabu kisicho na ukurasa wa jina, ule wa mwanzo wenye jina la kitabu na mwaka, bei yake lazima ishuke sana, asikuambie kingine. Lakini umri wake unaweza kuutafuta, ata ukiwa Jinja na kitabu kiko Bologna, mradi muuzaji akubali kukutumia picha za karibu. Muuzaji akikataa kutuma picha, achana naye apo apo.

Anza na karatasi. Mwombe anyanyue ukurasa mmoja dirishani mwanga upite nyuma yake, apige picha. Karatasi ya zamani iliyotengenezwa kwa mkono utaona imejaa mistari myembamba iliyosongamana, alafu kuna mistari mingine imepita kinyume, imeachana kama upana wa kidole. Ile ni alama ya waya za chekeche waliyochotea rojo la matambara. Karatasi ya mashine ya karne ya 19 mara nyingi iko laini tu kama wingu. Na hapa kuna jambo linawashangaza wengi, karatasi ya 1720 mara nyingi ni nzima na nyeupe kuliko ya 1890, ju ile ya zamani ni pamba na kitani, na hii ya baadaye ni rojo la miti lenye asidi, inajila yenyewe, inakuwa kahawia, ukiikunja inakatika. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba hiki ni cheupe mno hakiwezi kuwa cha zamani, wala asikuuzie kahawia ukadhani ni uzee.

Alafu michoro. Mchoro wa bamba la shaba ulipigwa kwa mashinikizo makubwa, karatasi ikiwa na unyevu, kwa hiyo kingo za bamba zinaacha kashimo, fremu ya kubonyea kuzunguka picha. Ukipitisha kidole unaisikia, na ukiipiga picha kwa mwanga wa ubavuni inaonekana. Mchoro wa mbao hauna hiyo fremu, na kwa kawaida umechapwa ukurasa mmoja na maandishi. Lithografia, yani picha iliyochorwa juu ya jiwe laini ikachapwa, ni ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1790 na kwenda mbele, kwa hiyo ukikuta lithografia kwenye kitabu kinachoitwa cha 1700 na kitu, uliza maswali. Na ukizumu kwa simu ukaona picha imetengenezwa na vidoti vidogo vidogo vilivyojipanga kama jeshi, hiyo ni teknolojia ya miaka ya 1880 na kuendelea, ama ni nakala ya juzi.

Sasa kuna njia naipenda kuliko zote, nayo ni kuuangalia mji wenyewe kwenye picha. Tafuta mchoro wa Pantheon, lile hekalu la Roma lenye kuba kubwa. Kama juu ya mbele yake kuna minara miwili midogo ya kengele, kushoto na kulia, basi mchoro umetengenezwa kati ya miaka ya 1620 na 1883, ju minara ile iliwekwa wakati wa Papa Urban wa Nane na ikabomolewa 1883. Watu wa Roma walikuwa wanaiita masikio ya punda. Firenze nayo tazama kanisa kuu, kama uso wake wa mbele ni ukuta mtupu wenye mistari mistari iliyochakaa, ni kabla ya ule uso wa marumaru wa rangi uliozinduliwa 1887. Venezia tafuta ule mnara mrefu wa uwanja wa Mtakatifu Marko: ulianguka asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902, ukajengwa upya pale pale kwa sura ile ile ukafunguliwa 25 Aprili 1912, kwa hiyo mwongozo wa miaka ile kumi ya katikati ni kitu cha kutafutwa, unakuta wanamwambia mgeni mnara hamna. Na Roma tena, ukiona barabara pana imenyooka kutoka mtoni mpaka kanisa la Mtakatifu Petro, huo ni mji wa baada ya 1936, zamani pale pote kulikuwa nyumba zimebanana.

Lakini sikiliza, hapa wengi wanateleza. Mchoro sio lazima uwe na umri sawa na kitabu. Mabamba ya shaba yalikuwa ghali, mchapaji alirithi kwa baba yake, akauza kwa mwingine, na picha ile ile ikatumika miaka hamsini kwenye matoleo mapya. Kwa hiyo jengo ambalo LIPO kwenye picha linakuhakikishia kwamba kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya jengo hilo. Jengo ambalo HALIPO halithibitishi kitu. Hiyo ishike vizuri, itakuokolea pesa nyingi.

Mwisho, tafuta toleo linalofanana kwenye maktaba za mtandaoni, fungua ukurasa baada ya ukurasa, linganisha herufi ya kwanza ya kila sura na pale mistari inapokatikia. Vikilingana, umepata mwaka wako. Na ukipata ukurasa wa jina ulioandikwa kwa namba za Kirumi, MDCCLXIII kwa mfano, ndo 1763. Usione ajabu kukuta pia maneno ya kibali cha wakubwa, con licenza de' superiori, kitabu kilikuwa hakichapwi bila kibali. Na angalia kama mwaka uko karibu na mwaka mtakatifu wa Roma, 1675, 1700, 1725, 1750, 1775, miaka hiyo mahujaji walifurika na wachapaji walijua biashara yao.

Kuna mtu anauza michoro ya Venezia ya zamani, kurasa moja moja tayari ziko kwenye fremu. Zinapendeza sana ukutani. Ninunue? — Msomaji, Mbale

Muulize kitabu kiko wapi. Kurasa zile hazikuzaliwa peke yake, kuna mtu alikamata kitabu kizima akakikata ju picha kumi na tano zinauzwa bei zaidi zikiwa kumi na tano kuliko zikiwa kitabu kimoja. Kila mnunuzi wa fremu anamwambia huyo mtu kata kingine. Mimi sinunui na nawaomba msinunue, labda iwe ni ukurasa ulioachana na kitabu chake zamani sana na muuzaji anaweza kukueleza. Ukitaka cha ukutani, pakua skani nzuri ya maktaba, wapelekee wachapaji wa Nasser Road wakutolee kwenye karatasi nzito, itapendeza vile vile na kitabu kitabaki kitabu.

Na hii inahusu pia kukagua kabla ya kununua: hesabu picha. Baedeker wamekurahisishia, kwenye ukurasa wa jina wanaandika kabisa kitabu kina ramani ngapi na pulani ngapi za miji. Hesabu moja moja ukilinganisha na orodha. Vya zamani zaidi linganisha na skani. Kitabu cha picha ambacho picha tatu zimekatwa ni kitabu kilichoharibika, bei iwe ya kuharibika.

Naishi Entebbe karibu na ziwa. Vitabu vyangu vimeanza kutoka madoa ya kahawia na kuna vidudu. Tena jalada la kimoja cha 1780 limeachia, nimpelekee fundi wa Wandegeya anayefunga thesis? — Msomaji, Entebbe

Pole sana mama. Kwa huyo fundi wa Wandegeya, hapana, tafadhali. Ni mafundi hodari kwa kazi yao, lakini kazi yao ni kukata kingo kwa mashine, kupaka gundi nzito mgongoni na kuweka jalada gumu jipya lenye maandishi ya dhahabu. Kitabu cha 1780 kimeshonwa kwa uzi, na kingo zake zikikatwa unaweza kupoteza mpaka sehemu ya michoro, na hairudi. Jalada lililoachia lifunge na kitabu chake kwa utepe mpana wa pamba, ule mweupe wa washonaji, fundo likae upande wa mbele, kitabu kisimame ama kilale kikingojea mtu anayejua. Kinaweza kungoja miaka, hakina haraka.

Kuhusu unyevu, apo ziwani ndo vita yenyewe. Rafu isigusane na ukuta wa nje, acha nafasi ya kiganja hewa ipite nyuma. Usivifunge kwenye mifuko ya nailoni ukavisahau, mvuke unabaki ndani na ukungu unashangilia. Usivibananishe. Vitoe kimoja kimoja uvipekue taratibu mara kwa mara, siku ya jua kavu, lakini kivulini, jua lenyewe linapausha wino na majalada, nyekundu ya Baedeker inakuwa kama waridi kwenye mgongo. Ukiweza kupata kale kamashine ka bei nafuu ka kupima unyevu, jaribu kukaa kati ya asilimia 40 na 55. Madoa ya kahawia yaliyokwisha kutoka yaache, usisugue, usipake kitu.

Vidudu, kitabu chenye vitundu na unga unaodondoka kitenge haraka na vingine. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobana kabisa hewa isiingie, kitie friza ya kweli sio ile sehemu ya barafu ya friji, kikae wiki mbili, alafu ukitoe KIKIWA BADO KIMEFUNGWA kirudi kwenye joto la chumba siku nzima kabla hujafungua. Ukifungua kikiwa baridi maji yatatanda kwenye kurasa. Hapa ndo mfuko unaruhusiwa, na ni kwa muda huo tu. Na umeme ukikatika siku mbili tatu, anza kuhesabu upya.

Mzee wangu ananiambia ni upotevu, mtoto wa Arua anakusanya vitabu vya Wazungu kuhusu miji ya Wazungu wakati vya kwetu hatuna. Nimjibu nini? — Msomaji, Arua

Mzee umsikilize, ana hoja, na swali lake ni la maana. Mimi ningemwonyesha kitu kimoja. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, Muitaliano, alipanda Rwenzori akafika kilele cha Margherita, mita 5,109, na akiwa na mpiga picha Vittorio Sella. Picha za Sella zikatoka kwenye kitabu Il Ruwenzori cha 1908. Ukizitazama unaona barafu imejaa mabonde juu kule, mito ya barafu minene, na leo nyingi ya barafu hiyo haipo tena. Ni wale wale Waitaliano, kipindi kile kile, na jicho lile lile la kuandika pahali palivyo siku hiyo. Sasa vitabu vya miji yao ni kazi hiyo hiyo. Firenze ilikuwa na soko la kale katikati ya mji, Mercato Vecchio, vichochoro, vibanda, makanisa madogo, na kati ya miaka ya 1880 na 1890 na kitu wakabomoa pote wakaweka uwanja mkubwa wenye matao. Anayetaka kujua soko lile lilikaaje anafungua mwongozo wa kabla.

Mtu aliyezoea kusoma mji wa wenzake ivi anajifunza kuusoma wa kwake. Kwa hiyo kwenye rafu yako acha nafasi: kuna Handbook of Uganda ya 1920, kuna vijitabu vya zamani vya reli na meli za ziwani, kadi za posta za Kampala, ramani za mji. Vinatupwa kila siku. Ukipita soko la Owino ama kwa wauza vitabu vya mitumba pekua chini kabisa ya lundo. Na mwambie mzee akusaidie kutambua nani na wapi, huo ni ujuzi ambao hauko kwenye kitabu chochote.

Nikiagiza kutoka Italia kitabu kinafika? Kodi je? — Msomaji, Tororo

Kinafika. Vitabu vilivyochapwa ambavyo havijazidi miaka 100, kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki viko kwenye fungu namba 4901 na ushuru wake wa kuingiza ni sifuri, ila vilivyozidi miaka 100 vinahesabiwa vitu vya kale, fungu namba 9706, na ushuru wake uliza forodha kabla hujaagiza, kwa hiyo mwambie muuzaji aandike wazi kwenye fomu kwamba ni kitabu kilichochapwa, mwaka wake, na namba inayokihusu, asiandike zawadi wala asiandike bei ya uongo. Gharama nyingine, za kurier na za kushughulikia mzigo, omba uzijue jumla kabla hajatuma, ju saa ingine usafiri unazidi kitabu chenyewe, na apo ni bora uagize viwili vitatu kwa muuzaji mmoja kwa pamoja.

Italia yenyewe ina sheria ya vitu vya kale kutoka nje ya nchi, kitu chenye zaidi ya miaka 70 kinahusika. Kwa vitabu vya kawaida vya bei ya chini kwa kawaida muuzaji anajaza tu tamko lake, lakini ni kazi yake yeye, muulize na umwombe nakala ya karatasi uihifadhi ndani ya bahasha, sio ndani ya kitabu. Muuzaji aliye mwanachama wa chama cha wauza vitabu vya kale cha Italia, ALAI, anaijua hiyo shughuli vizuri. Kwenye kufunga mwombe akizungushie karatasi kwanza, alafu nailoni ya mapovu, alafu boksi gumu, na pembe zote nne zilindwe, ju pembe ndo zinafika zimepondeka. Ukikipokea usikifungue kwenye bodaboda ama dukani, nenda nacho nyumbani, hesabu picha na ramani kwa orodha siku hiyo hiyo, ukikuta pungufu mwandikie muuzaji kabla hujalala.